Mfuniko wa Bawaba kwa Kisima cha Nyumbani



Somo letu la leo ni la kazi ya mikono. Tutajifunza kutengeneza mfuniko wa mbao wenye mlango mdogo, unaofunguka na kufunga kwa bawaba. Mfuniko huu ni wa kisima cha nyumbani, kile tunachochota maji kwa ndoo na kamba. Chukua daftari, kalamu na futi ya kupimia. Soma mara moja hadi mwisho, kisha urudie polepole ukiandika vipimo.

HATARI YA SHIMO LILILO WAZI

Katika vijiji vyetu vya Shinyanga na Geita mashimo ni mengi. Kuna visima vya maji. Kuna mashimo ya vyoo. Kuna mashimo tulikotoa udongo wa matofali. Na huku kwenye dhahabu na almasi, tangu Nyarugusu na Rwamagasa hadi Maganzo, kuna mashimo ya wachimbaji.

Kisima kisichofunikwa kina hatari mbili. Hatari ya kwanza ni kuanguka. Mtoto wa miaka 2 au 3 hajui kina ni nini. Akiona maji yanang'aa, huinama kuyatazama. Kichwa cha mtoto ni kizito kwa kulinganisha na mwili wake, basi huangulia kichwa. Hata mtu mzima anaweza kuanguka usiku au wakati utelezi umezidi.

Hatari ya pili ni uchafu. Vyura, panya, majani na mavi ya ng'ombe huingia kisimani. Mvua za Novemba zikianza, maji ya juu ya ardhi hukokota uchafu wote wa kiangazi na kuumwaga ndani. Watu wanapoumwa matumbo, hulaumu chakula, kumbe ni kisima.

Jambo hili si geni kwetu. Tangu mwaka 1974 mkoa wa Shinyanga ulikuwa na mpango mkubwa wa visima vifupi, kwa msaada wa Uholanzi. Visima vile vilifunikwa kwa zege, na maji yalivutwa kwa pampu ya mkono. Kisima cha namna hiyo ndicho bora zaidi, kwa sababu mdomo wake haufunguliwi kila siku. Lakini pampu ikiharibika, mara nyingi watu huondoa kifuniko ili wachote kwa ndoo. Kifuniko kikishatolewa, hakirudi. Na nyumba nyingi zina visima ambavyo havijapata kuwa na pampu hata siku moja. Somo hili ni la wenye visima hivyo.

KWA NINI BAWABA?

Soma mazungumzo haya kati ya mama mwenye kisima na fundi seremala.

Mama: Mwanangu, mimi kifuniko ninacho. Nimeweka bati na jiwe juu yake. Bawaba za nini tena?

Fundi: Mama, bati hilo sasa hivi liko wapi?

Mama: Liko pale ukutani. Watoto wamechota maji asubuhi.

Fundi: Na kisima je?

Mama: Kiko wazi. Ngoja nimwite mtoto akifunike.

Fundi: Hiyo ndiyo sababu, mama. Kifuniko kinachobebwa huenda mbali na shimo lake. Leo kiko ukutani, kesho kinaanikiwa dagaa, kesho kutwa mbuzi wamekilalia. Kifuniko chenye bawaba hakiwezi kuhama. Na tukikipima vizuri, kitajifunga chenyewe hata mchotaji akisahau.

Mama: Ati kijifunge chenyewe? Hapo umesema neno. Watoto wa siku hizi husahau.

Fundi: Na wakubwa pia, mama.

Basi, msomaji, shika neno hilo la fundi. Mfuniko mzuri ni ule usiotegemea kumbukumbu ya mtu.

KWANZA, TAZAMA UKUTA WA KISIMA

Mfuniko unahitaji mahali imara pa kukalia. Usiweke mbao juu ya udongo mtupu. Udongo mweusi wa mbuga huvimba mvua ikinyesha, na hupasuka kiangazi. Mbao zitapinda na mlango utakwama. Tena mbao zilizogusa udongo huliwa na mchwa.

Jenga ukuta wa pembe nne kuzunguka mdomo, kwa matofali ya kuchoma au mawe, na saruji. Kimo chake kiwe sentimeta 60 hivi kutoka chini. Ukuta huu huzuia maji ya mvua, na huzuia ng'ombe wasikanyage mbao. Kama ukingo wa kisima unamomonyoka, kwanza ujengee ndani kwa matofali. Usijenge juu ya ukingo unaoporomoka.

Unapopanga mstari wa mwisho wa matofali, zika ndani ya saruji vipande 4 vya waya mnene, kimoja karibu na kila pembe. Acha ncha zake zitokeze. Waya hizo zitafunga mfuniko usiibwe wala kusukumwa.

HESABU YA MBAO

Sasa tupige hesabu. Tuseme ukuta wako una upana wa ndani wa sentimeta 90. Unene wa ukuta ni sentimeta 15 kila upande.

90 + 15 + 15 = 120

Kwa hiyo mfuniko wetu utakuwa na sentimeta 120 kila upande.

Mbao za juu: tutumie mbao zenye upana wa sentimeta 15 na unene wa sentimeta 2 na nusu. Mafundi huita mbao hizi "moja kwa sita", yaani inchi 1 kwa inchi 6.

120 gawanya kwa 15 = 8

Tunahitaji vipande 8, kila kimoja kina urefu wa sentimeta 120. Ubao wa futi 12 una urefu wa sentimeta 365 hivi. Ubao mmoja hutoa vipande 3. Ukinunua mbao 3, utapata vipande 9. Vipande 8 ni vya mfuniko, na kile cha 9 kitatumika chini ya mlango.

Mihimili: hii ni mbao nene za kubeba mfuniko. Tunahitaji vipande 4 vya "mbili kwa nne", yaani inchi 2 kwa inchi 4, kila kimoja sentimeta 120. Mbao 2 za futi 12 hutoa vipande 6. Vile 2 vinavyobaki utaviunga viwe nguzo ya kutundikia ndoo.

Ukipata mninga ni bora, kwa sababu mchwa hawaupendi. Usitumie mbao za masanduku yaliyobeba dawa za pamba. Dawa hiyo hunywewa na ubao, kisha hutiririka kisimani wakati wa mvua.

VITU VINGINE

- Bawaba 2 za chuma na skrubu zake
- Misumari ya inchi 2 na nusu
- Komeo 1 la chuma na pete yake
- Kamba ya katani, urefu wa mita 1
- Kipande cha mpira wa tairi
- Msumeno, nyundo, bisibisi na futi

Ukikosa fedha ya bawaba, usiache kazi. Mafundi wa katambuga wanajua kukata tairi. Waombe kipande chenye urefu wa sentimeta 45 na upana wa sentimeta 15, kisicho na waya ndani. Kipande hicho kitapigiliwa nusu kwenye mlango na nusu kwenye mbao zisizofunguka. Chini ya kichwa cha kila msumari weka kifuniko cha soda kilichobondwa, ili msumari usipenye mpira. Bawaba ya mpira haipati kutu.

KAZI, HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1. Kata mihimili 4. Ilaze kwa ubapa juu ya ukuta, yaani upande mpana uwe juu. Mihimili 2 ya pembeni ikae juu ya ukuta wenyewe, mmoja mwanzo na mmoja mwisho. Mihimili 2 ya kati ivuke mdomo wa kisima. Katikati ya mhimili wa kati wa kwanza iwe sentimeta 37 na nusu kutoka ukingo wa mfuniko. Katikati ya mhimili wa kati wa pili iwe sentimeta 82 na nusu kutoka ukingo uleule. Hapo utaona kati ya alama hizi mbili kuna sentimeta 45. Huo ndio urefu wa mlango wetu.

Hatua ya 2. Kata vipande 8 vya juu. Vipange juu ya mihimili, kimoja baada ya kingine. Viandike namba 1 hadi 8 kwa mkaa. Sasa pima kutoka pembe hadi pembe, kwa kukatiza katikati. Kisha pima pembe nyingine mbili. Vipimo vikiwa sawa, mfuniko wako haukupinda. Visipokuwa sawa, sukuma kidogo hadi viwe sawa.

Hatua ya 3. Pigilia vipande namba 1, 2, 3, 7 na 8 kwenye mihimili yote. Kila mahali ubao unapokutana na mhimili, piga misumari 2.

Hatua ya 4. Chukua vipande namba 4, 5 na 6. Kila kimoja ukikate mara tatu, hivi:

37 na nusu + 45 + 37 na nusu = 120

Vile vifupi vya sentimeta 37 na nusu virudishe mahali pake na uvipigilie. Vipande vya sentimeta 45 usivipigilie. Hivyo 3 ndivyo mlango. Vikiwekwa pamoja vina upana wa 15 + 15 + 15 = 45. Yaani mlango una sentimeta 45 kila upande. Ndoo ya kawaida itapita, lakini mdomo wote hauko wazi. Mlango hautakuwa katikati kabisa ya mfuniko. Si kitu.

Msumeno hula ubao kidogo kila unapokata. Usihuzunike. Nafasi hiyo ndiyo itakayofanya mlango usikwame mbao zikivimba kwa maji.

Hatua ya 5. Unga mlango. Chukua kile kipande cha 9. Kipasue kwa urefu upate fito mbili zenye upana wa sentimeta 7 hivi. Kata vipande 2 vya sentimeta 43. Vipigilie chini ya mlango, vikikatiza mbao zote 3. Kila kipande kiwe sentimeta 8 kutoka mwisho wa mlango, ili kisigonge mhimili wakati wa kufungua. Piga misumari kutoka juu. Ncha zikitokeza chini, zipinde kwa nyundo. Msumari uliopindwa haung'oki.

Hatua ya 6. Weka mlango mahali pake. Miisho yake miwili itakalia mihimili ya kati, sentimeta 5 kila upande. Kwa hiyo, hata bawaba zikivunjika, mlango hautatumbukia kisimani. Funga bawaba upande ulio mbali na mchotaji, palipo na mhimili chini. Tumia skrubu wala si misumari, maana msumari hulegea kwa kufungua na kufunga. Upande usiofunguka tumia skrubu za inchi 2, zipite ubao ziingie kwenye mhimili. Upande wa mlango tumia skrubu za inchi 1.

Hatua ya 7. Funga mfuniko wote kwenye ukuta kwa zile waya 4. Zipitishe juu ya mihimili na uzisokote zikaze.

KAMBA NA KIGINGI

Sasa tumefika mahali penye siri ya kazi hii.

Ukiacha mlango uanguke nyuma, utalala wazi. Mchotaji ataondoka na kisima kitabaki wazi. Kwa hiyo funga kamba ya katani kutoka kwenye mlango hadi kwenye mbao zisizofunguka. Inua mlango hadi ukaribie kusimama wima, lakini usisimame wima. Hapo ndipo kamba ikaze. Sasa ujaribu. Inua mlango, kisha uuachie. Ukijifunga wenyewe, kazi yako ni njema. Ukibaki wazi, punguza kamba.

Lakini mchotaji anahitaji mikono miwili. Ni nini kitashikilia mlango asiumie? Chonga kigingi cha mti cha kuutegemezea. Kifunge kigingi hicho kwenye ncha ya kamba ya ndoo, ile ncha ya mkononi. Acha mita 1 hivi ya kamba ikiwa imelegea kati ya kigingi na mkono, usije ukakivuta wakati wa kuchota. Ukimaliza kuchota, huwezi kutundika ndoo na kamba yote kwenye nguzo bila kuchomoa kigingi. Shika mlango kwa mkono mmoja, chomoa kigingi kwa mkono mwingine, halafu ushushe mlango taratibu. Usiuachie uanguke kwa kishindo, utavunja vidole vya mtu.

Mwisho funga komeo. Mlango huu una uzito wa kilo chache tu. Mtoto wa miaka 5 anaweza kuuinua. Kwa hiyo mlango bila komeo ni nusu ya kazi. Komeo liwe gumu kwa mkono mdogo. Kama watu wazima wote huenda shambani, weka kufuli, na ufunguo utundikwe juu mahali ambapo mtoto hafiki, lakini kila mkubwa wa mji anapajua.

KUUTUNZA MFUNIKO

- Usipake oili chafu ya gari. Hiyo hufaa nguzo za zizi, lakini juu ya kisima itadondoka majini.
- Kila mwezi kaza skrubu. Gonga kila ubao kwa nyundo. Ubao unaolia kama kitu kitupu umeliwa au umeoza. Ubadilishe.
- Kamba ya katani huoza. Ibadilishe kabla ya mvua kila mwaka.
- Usisimame juu ya mlango, wala usiruhusu watoto wakae juu yake.
- Ndoo itundikwe, isilale chini. Na ndoo iliyotumika kuoshea dhahabu kwa zebaki isiingie kisimani kamwe.

Kumbuka pia kwamba mfuniko hupunguza uchafu, lakini hausafishi maji yaliyokwisha kuchafuka. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

DUARA SI KISIMA

Msomaji wa Geita au Kahama atauliza: Je, mfuniko huu unafaa kwa duara la dhahabu lililoachwa? Jibu ni hapana.

Dhahabu ilianza kuchimbwa kwa migodi huko Geita katika miaka ya 1930. Kwa hiyo mashimo mengine ni ya zamani kuliko wazee wetu. Mdomo wa duara la zamani humomonyoka kila mvua. Matimba ya ndani yameoza. Ukiweka mbao juu, nyasi zitaota na kuzificha. Baada ya miaka michache mbao zitaoza, na mtu atakanyaga akidhani ni ardhi. Hapo mfuniko umekuwa mtego.

Duara lisilotumika lifukiwe kwa udongo na mawe hadi juu. Wakati linasubiri kufukiwa, lizungushiwe ua wa miti na miiba, hatua kadhaa mbali na mdomo. Mtoe taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji na serikali ya kijiji, nao wamjulishe Afisa Madini Mkazi. Wala duara la zamani lisigeuzwe kisima. Maji yake yanaweza kuwa na sumu isiyoonekana kwa macho.

MTU AKIANGUKA

Usiingie kumfuata. Hewa ya chini ya kisima au duara inaweza kuwa mbaya, na anayemfuata mwenzake hufa pia. Teremsha kamba yenye kitanzi. Mtie moyo kwa maneno. Piga kelele watu waje. Piga simu namba 114, ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

MANENO YA KUJIFUNZA

Bawaba: chuma au mpira unaounganisha mlango na kitu usichoachana nacho.
Mhimili: ubao mnene unaobeba mbao nyingine.
Kigingi: mti mfupi uliochongwa.
Duara: shimo la kuchimbia dhahabu.

MASWALI

1. Taja hatari 2 za kisima kilicho wazi.
2. Kwa nini kamba ikaze kabla mlango haujasimama wima?
3. Kwa nini tunatumia skrubu kwenye bawaba, na si misumari?
4. Kisima cha jirani kina mfuniko wa sentimeta 150 kila upande. Mbao zina upana wa sentimeta 15. Vipande vingapi vinahitajika? Ubao mmoja wa sentimeta 365 hutoa vipande vizima vingapi? Anunue mbao ngapi?
5. Kwa nini duara la zamani hufukiwa na halifunikwi kwa mbao?

Jibu la swali la 4: vipande 10; ubao mmoja hutoa vipande 2; anunue mbao 5.

KAZI YA KIKUNDI

Wiki hii zungukeni kitongoji chenu. Andikeni katika daftari kila shimo mnaloliona: liko kwa nani, ni kisima, choo au duara, na limefunikwa au liko wazi. Hesabuni yaliyo wazi. Pelekeni orodha hiyo katika mkutano wa kijiji. Kwa visima vya wote, muulizeni pia mhandisi wa RUWASA wa wilaya kuhusu pampu. Kisha anzeni na shimo lililo karibu zaidi na mahali watoto wanapocheza. Kiangazi ndicho wakati wake. Mvua zikianza, saruji haitakauka vizuri na ukingo utakuwa utelezi.